Kigiriki cha kwenye audio kinagoma? Tuanze na dalili

Nijieleze kidogo mjue haya nayatoa wapi. Mi ni fundi simu, kibanda changu kiko jirani na stendi ya Nyegezi, na kazi mojawapo inayonipa hela ya kula ni kuwaingizia watu vitu kwenye memori kadi, nyimbo, mahubiri, muvi zilizotafsiriwa, na miaka ya karibuni kozi za lugha. Kigiriki kilianza na mseminari mmoja wa Kiorthodoksi (hawa wana askofu wao hapahapa Mwanza, wako chini ya Patriaki wa Alexandria, na Bukoba wako siku nyingi), akaja nimwekee masomo ya kusikiliza, baada ya wiki karudi analalamika, nikakaa nikasikiliza naye nijue shida ni faili au ni yeye, nikanogewa. Sa hivi naongea Kigiriki cha kuomba maji na kuuliza bei, sio zaidi ya hapo. Baada yake wamekuja vijana wanaowinda kazi za meli maana Wagiriki wana meli za mizigo kibao, akaja dada mmoja wa kwenye minofu ya sangara, wamekuja wachungaji wawili watatu wanaotaka kusoma Agano Jipya kwa lugha yake.

Malalamiko yao ni yaleyale, ndo nimeyapanga hapa kwa dalili. Chini ya kila dalili sababu ninayoitaja kwanza ndo inayowakuta wengi, ya mwisho ndo adimu. Afu kuna kitu ushike kabla hatujaanza: hizi kozi karibu zote zimetengenezwa kwa mtu wa Kiingereza. Msemaji anamtahadharisha Mwingereza kuhusu vitu vinavyomshinda Mwingereza, na nusu ya hivyo we unavyo tangu unanyonya, na vile vitakavyokushinda wewe wa Kiswahili hatavigusa kabisa kwa sababu hakujua kama na wewe utakuwa unasikiliza.

Nikiandika silabi kwa herufi kubwa, hapo ndo unakaza sauti.

"Msemaji hanipi nafasi ya kujibu, anauliza na kujibu mwenyewe"

Hii ndo inaletwa kibandani kuliko zote na mara nyingi sio kosa la kozi wala la mwanafunzi. Apu nyingi za kusikilizia vipindi zina setingi ya kuruka ukimya, yani ikikuta sehemu haina sauti inaipunguza au inaikata. Sasa kozi ya kusikiliza na kujibu imejengwa juu ya ule ukimya, pale kwenye kimya ndo wewe unatakiwa ufungue mdomo, apu inakuja inakula nafasi yako. Ingia kwenye setingi za kucheza sauti, izime, jaribu tena somo lilelile. Wateja saba kati ya kumi shida yao inaishia hapo na hela yangu nimekosa.

Kama imezimwa na bado, angalia aina ya kozi. Zile za mtindo wa Paul Pimsleur zinakuachia nafasi zenyewe, somo ni nusu saa, unajibu humohumo. Lakini ile ya bure ya Language Transfer, ya Mihalis Eleftheriou, yenye masomo 120, haiko hivyo, mle yupo mwanafunzi anajibu na wewe unatakiwa ubonyeze kusimamisha mwenyewe, ufikirie, useme, ndo uachie. Usiposimamisha utakuwa unamsikiliza mwanafunzi wa mtu mwingine akielimika.

Sababu nyingine: silabi ya kwanza inamezwa. Unasikia "riSTO" badala ya efkhariSTO. Hii ni iafoni za Bluetooth, hasa zile za bei ya kutupa, kukiwa na ukimya kidogo zinasinzia, sauti ikirudi zinaamka zimechelewa. Chukua iafoni za waya ujaribu somo moja. Ikipona umejua mchawi ni nani.

Na adimu kidogo ila ipo, masomo yanaruka kutoka la 1 kwenda la 10 halafu la 100, baadaye la 11, ndo mbele huko linakuja la 2. Simu inapanga majina kama herufi, haijui kuhesabu. Badili majina yawe 001, 002, 003, na uzime kuchanganya nyimbo. Kama ulitumiwa kwa WhatsApp kama audio ya kawaida majina yote yamegeuka AUD na namba ndefu, hapo mwambie aliyekutumia atume upya kama dokyumenti, usihangaike kubahatisha.

"Nasikia kelele tu, f na th na s zote zinafanana"

Faili limebanwa sana. Mtu alitaka masomo yote yakae kwenye kadi ndogo akayaminya mpaka basi. Sauti nene inabaki, ila f, th na s zinaishi juu kabisa kwenye ukali wa sauti, na kule ndo kunakokatwa kwanza. Kagua ukubwa: somo la nusu saa likiwa na MB tatu nne, tatizo ni hilo, tafuta nakala nzito zaidi. Zima pia ile besi uliyoongeza ili singeli igonge, besi inafunika kila kitu.

Ya pili ni mahali. Daladala ya Buzuruga saa kumi na mbili jioni, konda anaita, spika iko nyuma ya kichwa chako, hata Kisukuma hutasikia. Kwenye kivuko cha Kamanga ni afadhali kidogo ukikaa mbali na injini. Somo jipya lisikilize nyumbani, la marudio ndo lipeleke njiani.

Ikiwa faili ni zuri na chumba kimya na bado maneno yameshikana, hiyo sio shida, ndo Kigiriki chenyewe. Wanaunganisha. Mji ni POli, lakini "tin POli" ikitamkwa haraka inatoka "timBOli". Mwingereza akifika hapa anachanganyikiwa vibaya, ila wewe mb, nd na ng ndo chakula chako, mbuzi, ndizi, ngoma. Kigiriki kinaziandika kwa herufi mbilimbili, μπ, ντ, γκ, na wewe unazisema bila kufikiri. Ukisikia mb ghafla katikati ya sentensi jua pengine ni n iliyokutana na p.

Simama hapa: kama sauti unaipandisha mpaka mwenzako wa pembeni anafuatilia somo na wewe, au baada ya kuvua iafoni masikio yanalia nzii, acha. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidishe desibeli 80 kwa masaa 40 kwa wiki. Kelele za masikio zikikaa zaidi ya siku mbili, au sikio moja halisikii, hiyo sio kazi ya fundi simu, nenda kwa daktari wa masikio. Na usiniletee pamba na mafuta ya nazi. Afu bodaboda na iafoni masikioni hapana, sirudii.

"Naongea vizuri kabisa lakini Mgiriki hanielewi"

Hapa tukae kidogo, maana ndo pagumu kwetu na kozi hazisemi.

Karibu kila mara ni mkazo. Kiswahili kinakaza silabi ya pili kutoka mwisho, kiTAbu, ukiongeza mkazo unahama wenyewe, kitaBUni, hatuwazi. Kigiriki kinaweza kukaza yoyote kati ya tatu za mwisho na kila neno lina ya kwake. Sasa sikio lako linasikia vizuri, mdomo ukifika unarudisha mkazo nyumbani. Bahari ni THAlasa, wengi wanasema thaLAsa. Maji ni neRO, wanasema NEro. Mkate ni psoMI. Asante ni efkhariSTO, mwisho kabisa, na ukisema efkhaRISto Mgiriki atakuelewa kwa huruma tu. Kinachowadanganya watu ni kwamba salamu za mwanzo zinaangukia palepale petu, kaliMEra ya asubuhi ambayo ndo mwangaluka yetu ya Kisukuma, kaliSPEra ya jioni ambayo ndo mwadila, mtu anajiona ameshaiva, somo la nne linamtoa jasho.

Na sio urembo. POte ni "lini", poTE ni "kamwe". Ala na aLA pia tofauti, Ala ni "mengine", aLA ni "lakini". NOmos ni sheria, noMOS ni mkoa. Ukimuuliza mtu utakuja lini ukakosea mkazo umemwambia habari nyingine kabisa.

Kupima: jirekodi. Sikiliza neno kwenye kozi, lirekodi kwa sauti yako kwenye simu, cheza moja baada ya jingine. Usijiulize "nimesema sawa?", jiulize "nimegonga wapi?" na upige meza kwa kidole. Mi nilipiga meza wiki nzima mpaka jirani muuza chipsi akaniuliza kama nafundishwa ngoma.

Ukidhani sikio lako haliwezi, linaweza. Kiswahili chenyewe kina barabaRA ya kupita magari, samahani, nimekosea hata mimi, barabaRA hakuna, ni baraBAra, na ipo baRAbara ya "sawasawa kabisa". Umeona, herufi zilezile mkazo umehama maana imehama. Na LAzima wengi wetu tunaikaza mwanzo. Kwa hiyo kifaa unacho, hukitumii tu.

Dawa kubwa ya hili ni ya ajabu kidogo: jifunze kusoma. Kigiriki kinachoandikwa leo kinaweka kijiti juu ya irabu ya silabi inayokazwa, kila neno lenye zaidi ya silabi moja, νερό, θάλασσα, πότε, ποτέ. Yani jibu limeandikwa usoni. Mtu wa kusikiliza tu anakisia kitu ambacho mwenzake anakisoma bure. Na ujue mkazo unaweza kuhama neno likikua, jina ni Onoma, majina ni oNOmata, hauvuki silabi ya tatu kutoka mwisho hata siku moja.

Sababu ya pili ya kutoeleweka ni irabu tunazoongeza. Sisi hatupendi konsonanti zikae bila mtu wa kuzishika mkono, kwa hiyo PSAri, samaki, inakuwa "pisari", na KSEro, najua, inakuwa "kisero". Dawa iko mtaani. Sema chipsi. Sasa ondoa "chi", baki na "psi", umeshaisema. Sema teksi, ondoa "te", unabaki na "ksi". Stendi unaisema kila siku bila kuweka "si" mbele, basi "sto" na "sti" unazo. Chipsi, teksi, stendi, hizo tatu zimewaokoa wateja wangu wengi kuliko somo lolote.

Ya tatu ni hizi gh, dh, th, kh. Kozi itatumia dakika nzima kumbembeleza Mwingereza atoe gh na wewe utaogopa bure. Ghali. Lugha. Ghafla. Maziwa kwa Kigiriki ni GHAla, sawasawa na ghala la mahindi, umemaliza. Dh ni ya dhahabu, th ni ya thelathini, kh ni ya Khamisi. Irabu zao ni tano, a e i o u, zilezile zetu, Mwingereza anateseka nazo wewe unapita. Ila tuseme ukweli, wengi wetu wa Kanda ya Ziwa dhambi tunasema "zambi", thamani tunasema "samani", na ghali inakuwa "gali". Kwa Kiswahili cha sokoni Kirumba hakuna anayekusumbua, Kigiriki kitakusumbua: "na DHO" ni nione, "na ZO" ni niishi. Kama hizi sauti huna, kaa na mtu wa Pwani au ustadhi yeyote dakika kumi, ni mwalimu bora kuliko kozi. Na wale ndugu zetu tunaowatania kwa r na l mjiangalie, khaRA ni furaha, khaLA ni kinaharibika.

Koo likiuma umekosea. Gh na kh hazikwaruzi, ni hewa tu. Pumzika siku moja, punguza nguvu. Ukikauka sauti wiki mbili tatu nenda hospitali, usiendelee kukohoa Kigiriki.

Wa mwisho kwenye dalili hii ni kosa lililokomaa. Umesoma masomo thelathini peke yako, hakuna aliyekusikia, sasa unakosea kwa kujiamini. Hapo audio haina msaada tena maana audio haikusikii. Lipia saa moja mbili za mwalimu anayekiongea tangu utotoni, hata kwa video, kazi yake iwe moja tu, kukukatiza kila ukikosea. Ni hela, ndio, ila ni ndogo kuliko kubomoa miezi sita.

"Nikiuliza swali anajibu 'ne', kumbe amekubali"

Fupi. Ne ni NDIYO. Hapana ni Okhi. Kichwa chako kinasikia "no" ya Kiingereza kwa sababu kozi iko kwa Kiingereza, ukitoa Kiingereza katikati tatizo linakufa. Kilichobaki ni ishara, Mgiriki akikataa anaweza kuinua kichwa au nyusi juu na kutoa "ts" mdomoni. Kwetu kuna watu wakiinua nyusi wamekubali, na hiyo "ts" tunajua ni msonyo. Hajakusonya. Amesema hapana tu, tulia.

"Nikifika somo la kumi nimesahau la kwanza"

Sababu ya kwanza: unatafsiri mara mbili. Unasikia THElo, unaipeleka kwenye Kiingereza, kisha kutoka Kiingereza unaileta Kiswahili, ndo unaelewa. Safari kama ya kutoka Igoma kwenda Kisesa kupitia Geita. Unachoka, na kinachokaa kichwani ni Kiingereza. Tena unapoteza zawadi, kwa sababu Kigiriki kwenye vitenzi kimekaa karibu na sisi kuliko na wao. Angalia: THElo, THElis, THEli, ni nataka, unataka, anataka, neno moja lina mtu ndani yake kama letu, sisi tunamweka mtu mbele wao wanamweka mkiani. "THElo na PAo" ni nataka niende. "THElo na PAS" ni nataka uende. Mwingereza anaelezewa somo zima kwa nini hawasemi "to go", wewe unasema "niende", "uende" tangu utoto, sogea mbele. Na wakati ujao wanaweka "tha", tha PAo, nitakwenda. Ta na tha. Hazina undugu wowote, zimegongana tu, lakini kwa kukumbuka nani analalamika?

Cha kufanya: usikiaji wa kwanza simamisha somo, sema ile sentensi kwa Kiswahili kwa sauti, endelea. Halafu jirekodie audio yako mwenyewe, unasema "nataka niende ziwani", unakaa kimya sekunde tano, unasema "THElo na PAo sti LIMni". Kumi kama hizo ni dakika mbili, zinakaa kwenye simu ya kitochi hata ya kadi ndogo. Nakwambia hii inashinda kurudia somo zima mara nne.

Sababu ya pili ni kurudia vibaya. Kuna watu wanasikiliza somo moja Jumapili masaa matatu kisha kimya mpaka Jumapili nyingine. Pimsleur, yule wa kozi za nusu saa, mwaka 1967 aliandika ratiba ya kurudia neno jipya: baada ya sekunde 5, sekunde 25, dakika 2, dakika 10, saa 1, masaa 5, siku 1, siku 5, siku 25, miezi 4, miaka 2. Sio lazima ushike saa mkononi. Wazo ni kwamba nafasi inazidi kurefuka na unaliita neno wakati linataka kupotea, sio wakati bado liko mdomoni. Leo, kesho, wiki ijayo, mwezi ujao, inatosha.

Ya tatu ni haraka. Taasisi ya kufundishia mabalozi wa Marekani inahesabu Kigiriki ni kama masaa 1,100 ya darasani kwa mtu wa Kiingereza, na Kiswahili chetu wamekipa 900. Kozi ya audio ya mwanzo ina masaa kumi na tano, thelathini. Piga hesabu mwenyewe, hujafeli, hujafika tu.

Kama maneno yanateleza kabisa, anza na yale uliyo nayo bila kujua. Biblia imetoka kwao, kitabu ni vivLIo. Ekaristi ya kanisani na efkhariSTO ya asante ni mzizi mmoja. Falsafa ilipita kwa Waarabu ndo ikatufikia, na hata almasi, za Mwadui hapo jirani, jina lake mzizi ni Kigiriki.

"Majina yanabadilikabadilika, leo YORghos kesho YORgho"

Mwingereza anaogopa hapa mpaka anaacha kozi. Wewe una ngeli, ki-vi, m-mi, li-ya, u na zote hizo, na Kigiriki kina tatu tu: o, i, to. Kosa la wengi ni kushika jina likiwa uchi. Usishike "samaki ni PSAri", shika "to PSAri". Usishike "LIMni", shika "i LIMni". Kama vile mtoto wetu anavyosikia "kitabu changu" sio "kitabu" peke yake.

Jina likibadilika mkia, uliza linafanya kazi gani kwenye sentensi. Mvuvi akifanya ni "o psaRAS", ukimwona ni "VLEpo ton psaRA". Sisi tunaweka alama kwenye kitenzi, nam-wona, wao wanaiweka kwenye jina lenyewe. Ukimwita YORghos unakata s, "YORgho!". Ukishindwa kabisa endelea na somo, hii inakaa yenyewe kwa kusikia, wala hakuna atakayekukatalia chai kwa sababu ya s.

"Naongea ila kibao cha dukani siwezi kusoma"

Kozi ya audio haikufundishi herufi, imekaa kimya, na dawa ni jioni tatu. Herufi ni 24. Tatizo sio zile za ajabu, Ψ na Ξ unazikamata siku ya kwanza (ps na ks, chipsi na teksi, tulishasema). Tatizo ni zinazofanana na zetu: Ρ ni r, Ν ndogo inaandikwa ν kama v ila ni n, Η ni i, Β ni v, Χ ni kh. Ndo maana mtu anaona ΝΕΡΟ kwenye chupa anasoma "nepo" wakati ni maji. Sauti i ina namna sita za kuiandika, η ι υ ει οι υι, kwa hiyo kusoma ni rahisi na kuandika kunatesa, anza na kusoma. Αι ni e, ου ni u. Na ukiona alama hii ; mwisho wa sentensi, wameuliza swali.

"Nilichojifunza hakifanani na wanavyoongea"

Wachungaji, hii ni yenu. Kama kozi yako inasema "kai" kwa maana ya "na", hicho ni Kigiriki cha kale kwa matamshi ya Erasmus, yule msomi aliyeandika mwaka 1528 jinsi alivyodhani wa zamani walitamka. Mgiriki wa leo anasema "ke". Erasmus anasoma η kama e, wa leo anaisoma i, hata akiwa na Injili ya Yohana mkononi: "en arKHI in o LOghos". Sio kwamba kozi mbovu, inafundisha kitu kingine. Kama unataka kusoma Agano Jipya tu baki nayo, kama unataka kununua mkate Athens badilisha leo, na usizisikilize zote mbili kwa mwezi mmoja.

Au kozi ni ya zamani sana. Kabla ya 1976 serikali na shule walitumia Kigiriki rasmi cha kikale, na mpaka 1982 maandishi yalikuwa na alama nyingi juu ya herufi, sio kijiti kimoja. Kitabu kilichoambatana na kaseti kikiwa kimejaa vikoma juu ya irabu, umri wake umeujua. Adimu kabisa ni kwamba mnaongea na mtu wa Cyprus, kule mkono, KHEri, unaweza kuusikia "SHEri", na "ke" inakuwa kama "je". Wanaelewa Kigiriki cha kawaida, mwombe tu apunguze mwendo.

"Nimemaliza kozi, sasa nipe cheti"

Audio haitoi cheti kinachotambulika, hata ikikuchapishia karatasi yenye nyota. Mtihani wenyewe ni wa Kituo cha Lugha ya Kigiriki cha Thessaloniki, ngazi ni A1, ya chini kabisa, mpaka C2, unafanyika mwezi Mei. Kozi moja ya audio ukiishika vizuri inakusogeza kwenye A1, na hapo kusoma na kuandika utakuwa umeongeza mwenyewe.

Na pa kusimama kabisa: karatasi. Mwaka jana alikuja kijana na mkataba wa kazi ya meli, kurasa nne za Kigiriki, wakala amemwambia atume hela kabla ya Ijumaa, akaniambia "kaka we si unakijua, nisomee". Nilisoma neno simVOleo, mkataba, nikasoma tarehe na namba, baada ya hapo nikawa naona herufi tu. Mtu aliyejifunza kwa iafoni hatafsiri mkataba wala cheti cha hospitali wala fomu ya viza, sio wangu sio wako, hiyo ni ya mtafsiri anayetambulika na mwanasheria, kabla hela haijatoka. Nilimwambia hivo akanuna, akasema basi nitengenezee iafoni, upande wa kushoto umekufa. Waya ulikuwa umekatika pale kwenye pini, dakika tano, elfu mbili.